Kitambaa Kinachonyamaza

Msumeno wa chuma ulipofika katikati ya kisiki kile, sauti yake ilibadilika. Hadi hapo ulikuwa ukikwaruza kwa ukali ule wa gundi ya epoksi iliyokauka sawasawa. Mara ukaanza kupita kwa ulaini, kana kwamba ninakata gunzi la hindi. Nikausimamisha mkono. Nilikimalizia kisiki kwa kukikata kutoka upande wa pili, nikakifungua kwenye jiliwa na kukipeleka mlangoni penye mwanga. Kati ya safu nyeusi zilizong'aa kulikuwa na mstari wa kijivu, mwembamba, wenye urefu wa nusu kidole. Nilipoupitishia ukucha, nyuzi zilitoka moja moja, kavu kabisa, mithili ya nywele zinazobaki kwenye kitana.

Epoksi haikuwahi kufika pale.

Kisiki hicho kilikuwa mabaki ya pezi la ubao wa tanga (windsurfing), lile bapa linalosimama majini chini ya ubao, nililolitengeneza mwenyewe mwezi wa Machi, katika banda langu la nyuma ya nyumba huku Diani: urefu wa sentimita 40, kichwa cha bolti mbili, jeusi tititi, na la kwanza kwangu kuwa la kaboni tupu, yaani kitambaa cha nyuzi za kaboni kilicholoweshwa epoksi, kutoka shinani hadi nchani. Nililionea fahari. Niliwahi hata kuliweka sebuleni kwa siku tatu kabla ya kulikabidhi kwa mwenyewe, jambo ambalo watu wa nyumbani hawajaacha kunitania.

Wiki saba zimepita tangu nikikate kisiki hicho, na ule mstari wa kijivu haujaniondoka.

## Nje ya mwamba

Kijana aliyelinunua anaujua ubao wa tanga kuliko wengi wanaolipwa kuwafundisha wageni. Adhuhuri moja ya Julai, kusi ikiwa imeshika na maji yakijaa, alipita kwenye mlango wa mwamba akaenda kucheza na mawimbi ya nje. Alikuwa anarudi kwa kasi pezi lilipokatika usawa wa chini ya ubao. Ubao ambao umepoteza pezi haushiki tena njia. Nguvu yote ya pembeni inayotoka kwenye tanga hukosa pa kuegemea, na mpandaji hujikuta anateleza ubavu kama gari kwenye matope.

Kusi ya huku hutoka kusini-mashariki, kwa hiyo haikumpeleka bahari kuu. Ilimsukuma kwenye mwamba wenyewe, pale mawimbi yanapovunjika. Alilitosa tanga majini ili limpunguzie mwendo, akalala juu ya ubao, akangoja. Wavuvi wawili waliokuwa wakirudi kwa ngalawa walimwona, wakamtupia kamba, wakamvuta hadi ndani.

"Fundi, limekatika," aliniambia jioni ile, akakiweka kisiki juu ya meza yangu ya kazi taratibu, kama mtu anayerudisha sahani ya jirani. Hakudai fedha wala hakupandisha sauti. Alikuwa na michubuko magotini, na aliniuliza tu kama ningeweza kumwazima pezi langu la zamani la faiba, ile ya nyuzi za kioo, kwa ajili ya Jumamosi.

Ningelala vizuri zaidi usiku ule kama angenitukana.

## Faiba husema

Nimeshika faiba kwa muda mrefu, nikiziba boti za wavuvi na za hoteli kabla sijaanza kujitengenezea mapezi. Kitambaa cha faiba ni cheupe kikiwa kikavu. Kikishiba epoksi hugeuka kuwa angavu kiasi kwamba unaiona mbao iliyo chini yake. Penye ukavu hubaki doa jeupe. Penye hewa hubaki kiputo kama jicho la samaki. Mwanafunzi wa siku mbili anaweza kusimama kando yako akakuonyesha kwa kidole mahali ulipokosea, na wewe ukaparekebisha kwa brashi kabla dawa haijashika.

Kaboni ni nyeusi ikiwa kavu, na ni nyeusi ikiwa imelowa. Kuna mng'ao unaoongezeka, ni kweli, lakini mng'ao huo unakueleza habari za juu tu. Safu ya chini yake inaweza kuwa kavu kama kuni na uso ukaendelea kumetameta.

Nilikuwa nalijua hilo. Nililisoma, nililisikia kwa wenzangu, na niliwahi hata kumweleza mtu mwingine kwa sauti ya mjuzi. Kulijua jambo kwa mdomo na kulijua kwa ukucha ni elimu mbili tofauti.

Kwa nini basi nilihama? Jibu la heshima ni hesabu. Nyuzi za kawaida za kaboni zinapinga kupindwa zaidi ya mara tatu ya nyuzi za faiba, ilhali kwa ujazo ule ule uzito wake ni kama asilimia 70 tu. Pezi la faiba la urefu huo, chini ya mtu mzito na tanga la mita 7 za mraba, hupinda na kujisokota, na likijisokota kupita kiasi ubao hupoteza mshiko ghafla. Pezi gumu humjibu mpandaji mapema.

Jibu lisilo na heshima sana ni kwamba watu wanapenda weusi ule, na mimi pia ninaupenda. Ukiliweka pezi la faiba lenye rangi ya chai ya rangi kando ya pezi la kaboni, hakuna anayeuliza lipi lina kasi. Bei nayo hupanda yenyewe, bila mjadala. Nimejiuliza mara nyingi, katika hizi wiki saba, ni kiasi gani cha uamuzi wangu kilitokana na hesabu na kiasi gani kilitokana na rangi, na kila nikijaribu kuvigawa hivyo viwili, rangi huondoka na fungu kubwa zaidi.

## Mtande na mshindio

Jambo moja nililifanya vizuri, na sina budi kumtaja aliyenifundisha: jirani yangu, mama mtu mzima ambaye ni fundi cherehani. Jora la kaboni lilipofika, nilimpelekea kipande nikitarajia atastaajabu. Alikigeuza mara mbili, akavuta pembe zake, akasema, "Hiki kinafumuka vibaya, mwanangu. Ukikigusa na mkasi kitakukimbia." Akanionyesha kubandika utepe wa karatasi juu ya mstari kwanza, ndipo nikate katikati ya utepe wenyewe. Tangu siku hiyo sijapoteza nyuzi za pembeni.

Ni yeye pia aliyenipa lugha. Katika kitambaa kuna mtande, nyuzi zinazokwenda na urefu wa jora, na kuna mshindio, zile zinazopita kati yake. Ukikata kwa kufuata mtande, kitambaa hukaa imara kwenye urefu. Ukikata mshazari, kinalegea na kukubali kulala juu ya mviringo, kama gauni linavyolala nyongani. Yeye anautumia mshazari kwa ajili ya umbo. Mimi ninautumia kwa ajili hiyo hiyo, maana pezi lina tumbo upande huu na upande ule, lakini nina sababu ya pili: msokoto husafiri kimshazari. Nyuzi zilizolazwa sambamba na urefu wa pezi huzuia kupinda, na zile zilizolazwa kwa pembe ya digrii 45 huzuia kujisokota. Uwiano wa hizo mbili ndio tabia ya pezi. Ukiweka mshazari mwingi mno, ncha hukataa kulegea upepo unapopiga ghafla, na mpandaji analipokea pigo lote miguuni. Ukiweka mchache, ncha hukimbia mapema.

Hapo sikukosea. Nilikipitia kisiki safu kwa safu chini ya kioo cha kukuza, na mielekeo yote ilikuwa kama nilivyoandika kwenye daftari. Nilijifariji kwa hilo kwa muda wa siku moja.

## Joto la Machi

Kosa langu lilikuwa kwenye kopo.

Shinani, pezi la sentimita 40 lina unene wa karibu milimita 10, kwa sababu ubavu wake huwa na unene wa takriban asilimia 9 ya upana. Kitambaa cha gramu 200 kwa mita ya mraba, kikishalowa na kubanwa, hutoa kama robo ya milimita. Kwa hiyo pale shinani nilihitaji takriban safu 40, moja juu ya nyingine, ndani ya kalibu yenye nusu mbili, na zote zilowe kabla epoksi haijaanza kushika.

Na kulowesha kaboni si kupaka. Kila uzi unaouona kwenye kitambaa changu ni tita la nyuzi 3,000, kila mmoja ukiwa na unene wa mikroni 7 hivi, yaani karibu sehemu moja ya kumi ya unywele. Epoksi inatakiwa ipenye katikati ya hizo 3,000. Ikiwa nyepesi na ikapewa muda, inapenya. Ikianza kuwa nzito, inakaa juu kama asali juu ya mkate mkavu.

Maelezo ya kopo yalisema nina dakika 30 kwa joto la nyuzi 25. Mchana ule bandani mwangu palikuwa na nyuzi 33. Kanuni ya mafundi ni kwamba kila nyuzi 10 za joto zinazoongezeka hukata muda wako nusu. Kwa hesabu hiyo nilikuwa na dakika 17 au pungufu. Juu ya hayo nilichanganya gramu 150 kwa mpigo mmoja ndani ya chupa ya plastiki niliyoikata shingo, chombo chembamba na kirefu, ambacho ndicho kibaya kuliko vyote, kwa sababu epoksi huzalisha joto lake yenyewe, na ikikusanyika mahali pamoja hujichemsha.

Nakumbuka wakati ule hasa. Nilikuwa nimefika safu ya 30 na kitu, chupa ikawa na uvuguvugu mkononi, brashi ikaanza kuvuta. Nilikuwa na njia mbili: kuacha, kuifuta kazi yote na kupoteza kitambaa cha thamani kubwa, au kuendelea haraka. Niliendelea. Niliongeza nguvu kwenye brashi, nikafunga kalibu, nikaikaza kwa klampu sita, nikaona epoksi ikitoka pembeni, nikasema moyoni kwamba ikitoka pembeni basi imefika kote.

Ilitoka pembeni kwa sababu ilikuwa ndiyo njia rahisi.

Siku ya pili nilifungua kalibu na pezi likatoka jeusi, laini, lisilo na tundu hata moja. Kama lingekuwa la faiba, lingekuwa na mkanda mweupe shinani wa kuonekana kutoka barabarani. Nililipiga msasa wa maji namba 240, kisha 400, kisha likaenda sebuleni.

(Kuhusu msasa, nitasema hili kwa anayetaka kujaribu: usisage kaboni kavu. Vumbi lake hupitisha umeme. Mashine yangu ya kwanza ya kusagia ilikufa kwa njia hiyo, kwa mlio na harufu. Barakoa na glavu hazihitaji kuzungumziwa. Epoksi mbichi ikikukataa ngozi mara moja, inaweza kukukataa maisha yako yote.)

## Jiwe

Wiki mbili baada ya kukata kisiki, yule kijana alipita kurudisha pezi nililomwazima. Tulikaa kwenye kivuli cha mkwaju. Nilikuwa nimeshajiandaa kumwonyesha ule mstari wa kijivu na kumwomba radhi, lakini yeye akaanza.

Alisema kwamba kuna jambo hakuniambia. Siku nane kabla ya ajali, maji yakiwa yamekupwa, alipita mahali asipopaswa kupita na pezi likagonga jiwe. Aliruka mbele, akaumia kidogo, akaligeuza ubao na kulitazama pezi kwa makini. Ukingo wa mbele ulikuwa na mkwaruzo mdogo. Zaidi ya huo hakuona kitu. Akaendelea nalo.

Nitasema ukweli wa nilivyojisikia: nilifurahi. Furaha hiyo ilidumu kwa muda wa kunywa kikombe kimoja cha kahawa. Pezi limegonga jiwe, mwenyewe amekiri, fundi yuko huru. Nilianza hata kutunga sentensi ya upole ya kumwambia kwamba kaboni haipendi kugongwa, jambo ambalo ni kweli: nyuzi za faiba huvutika hata kupita asilimia 4 kabla ya kukatika, ilhali za kaboni ya kawaida zinafika 1.5 au 2 hivi, na zikifika huko hazinung'uniki kwanza.

Kisha nikakumbuka jambo lingine kuhusu faiba. Ukiligonga pezi la faiba, mahali palipoumia pageuka peupe. Ule uangavu huvunjika na kuwa kama maziwa, na mwenye pezi huona wazi kwamba ndani kuna ufa. Halihitaji ufundi kulisoma. Kijana huyu aliligeuza ubao wake akatazama, kama mtu mwangalifu anavyopaswa kutazama, na lile pezi halikumwonyesha chochote.

Lilikuwa limeninyamazia mimi Machi, likamnyamazia yeye Julai.

Je, ni jiwe au ni ukavu? Mkatiko ulikuwa usawa wa shina, mahali ambapo mzigo wa kupinda huwa mkubwa kuliko pote, na penye mstari wangu wa kijivu. Ninaamini jiwe lilianzisha ufa na ukavu ukaupa njia ya kupita. Lakini hata kama jiwe lisingekuwepo, safu 40 ambazo baadhi yake hazijashikana si safu 40. Nilimwonyesha kisiki. Alipitisha ukucha kama nilivyofanya mimi, akazitazama nyuzi zilizobaki kidoleni.

"Kumbe tulikuwa wawili," alisema.

Nilimrudishia fedha zake. Alikataa, nikamsukumia, akachukua nusu.

## Alfajiri

Sikugusa jora la kaboni kwa karibu mwezi mzima. Nilitengeneza mapezi mawili ya faiba kwa wateja ambao hawakujali rangi, nikaona jinsi mikono yangu ilivyokuwa ikitulia kila kitambaa kilipogeuka angavu. Nilifikiri kuliuza jora. Nililitoa hata nikalipima urefu uliobaki.

Kilichonirudisha ni wazo dogo: kama kitambaa hakisemi, kuna vitu vingine mezani vinavyoweza kusema badala yake. Mizani, kwa mfano. Sasa ninapima uzito wa vitambaa vyote vilivyokatwa, kisha ninapima epoksi ya uzito ule ule, na kama nikifika safu ya mwisho na epoksi nyingi imebaki kwenye sahani, najua kwamba kuna mahali imekosekana, hata kama macho yangu yanaona mng'ao mtupu. Nachanganya gramu 40 kwa wakati mmoja, katika sahani pana ambamo joto linapata pa kutokea. Naanza kazi kabla ya jua kuchomoza, banda likiwa bado na ubaridi wa usiku.

Nimebadilisha pia mwelekeo wa mkono. Zamani nilikuwa nalaza kitambaa kikavu na kupaka juu. Sasa napaka chini kwanza, nalaza kitambaa juu ya epoksi, nangoja. Epoksi hupanda yenyewe kupitia nyuzi, ikifukuza hewa mbele yake, na inapojitokeza juu kwa vitone vidogo vidogo hiyo ni habari ambayo haiwezi kughushiwa: haiwezi kufika juu bila kupita katikati. Ni kazi ya polepole. Inachosha mgongo. Mke wangu anasema naonekana kama mtu anayesubiri maandazi yaumuke.

Badiliko kubwa kuliko yote, hata hivyo, liko ndani ya pezi lenyewe. Kiini sasa ni cha faiba, nyuzi zake zikifuata urefu, na kaboni nimeibakisha nje tu, safu chache za mshazari kila upande, mahali inapozuia msokoto kwa faida kubwa kuliko pengine pote. Pezi limeongezeka uzito kidogo. Linapinda kidogo zaidi ya lile la kwanza. Kiini nakimaliza na kukitazama dhidi ya taa kabla ya kukivika weusi wake. Na kichwani naongeza sentimita mbili zisizohitajika, ambazo pezi likishakauka nazikata kwa msumeno ule ule wa chuma, nasugua mkato kwa msasa, na kuusoma kama mtu anayesoma barua.

Nina rafiki fundi anayeniambia nimerudi nyuma. Kwamba ningenunua tu pampu nzuri ya kufyonza hewa ningeweza kubaki na kaboni tupu. Pampu ninayo sasa, nimeiunda kutoka kompresa ya friji bovu, na inabana vizuri kuliko klampu zangu sita. Bado sijamjibu kuhusu kaboni tupu. Sina hakika kama ninachokiita tahadhari si woga uliovaa koti la ufundi.

Kijana alikuja kulichukua pezi jipya mwishoni mwa Septemba, kusi ikielekea kuchoka. Kichwa chake nilikiacha bila kaboni, kwa hiyo kina rangi ile ya chai. Alilitazama.

"Hili si kaboni tupu, fundi."

"La."

Alilinyanyua hadi juani, mwanga ukapita kwenye kichwa, akakipekua kwa muda mrefu. Kisha akatoa sarafu ya shilingi 20 mfukoni, akagonga ubavu wa pezi kutoka nchani hadi shinani, kituo kwa kituo, akiwa ameinamisha sikio, kama nilivyomwonyesha. Nilimkumbusha kwamba sarafu husikia mambo ya karibu na ngozi tu. Nikampa kile kipande cha sentimita mbili nilichokikata kichwani, mkato wake ukiwa umesuguliwa hadi kung'aa, akakitia mfukoni pamoja na sarafu.

Nilimwomba abaki ndani ya mwamba kwa siku za kwanza. Alibaki. Wiki ya pili, nikiwa juu ya paa la banda nikipigilia bati, niliona tanga lake likipita mlangoni kuelekea nje. Hakuwa ameniuliza. Niliendelea kushikilia nyundo bila kupiga, hadi lilipogeuka.